FUSO: SIFA ZA GARI NA UZITO WA GUNIA



Msimu wa korosho ufikapo, Katibu wa chama cha msingi huwa na mambo mengi ya kuandika na moja la kumkosesha usingizi: mzigo uliokusanywa ghalani kwake utafikaje ghala kuu, na utafika na kilo zile zile alizozipokea kwa wakulima? Jibu la sehemu ya kwanza ya swali hilo, kutoka Masasi hadi Newala na Tandahimba, aghalabu ni neno moja tu: Fuso. Neno hili limezoeleka mno hata wako wanaoliita Fuso kila lori la kadiri, lisilo kubwa kama semi-trela wala dogo kama Kenta, liwe limeundwa na kampuni yo yote ile. Kwa kuwa gharama ya usafirishaji ni miongoni mwa makato yanayotoka katika bei ya mkulima, yafaa wanachama walijue gari wanalolilipia: limetoka wapi, wenye nalo wanalisemaje, na ni jambo gani ambalo sifa zake zimelifunika.

Haikuwa hivi siku zote. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Waingereza walijenga reli kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya mradi wao wa karanga. Mradi ulishindwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Tangu hapo korosho za kusini zimetegemea barabara. Katika msimu wa 1973/74, nchi ilipokusanya tani zipatazo 145,000, malori ya Kiingereza, Bedford na Leyland, yalikuwa bado yakionekana sana barabarani. Malori ya Kijapani yaliyokwisha kutumika yalianza kuingia kwa wingi baada ya mwaka 1984, Serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na usukani wao uko kulia. Hivyo gari lililochoka kwao liliweza kuteremshwa bandarini Dar es Salaam na kuanza kazi bila kubadilishwa kitu. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Agosti 2003, safari ya kusini haikungoja tena kivuko cha Rufiji. Kisha mwaka 2007 ukaja mfumo wa stakabadhi ghalani, na kazi ya kupeleka mzigo ghala kuu ikawa ya chama cha msingi chenyewe.

Sasa tulitazame gari lenyewe. Kampuni ya Mitsubishi ilianza katika kazi ya meli. Katika karakana yake ya mjini Kobe, mahali pa kuundia meli, mwaka 1932 lilitoka basi lililopewa jina la Fuso. Katika hadithi za kale za Mashariki ya mbali, fuso ni mti mtakatifu unaomea huko jua linakochomoza. Wajapani walilitumia neno hilo pia kuwa jina la kale la nchi yao. Lori dogo la Canter, ambalo sisi twaliita Kenta, lilitolewa mwaka 1963. Mwaka 1970 kazi ya magari ilitengwa na ile ya meli na mitambo, ikaundwa kampuni ya Mitsubishi Motors. Fighter, ambalo ndilo lori la kadiri tunaloliona zaidi likipakia magunia, lilianza kuundwa mwaka 1984. Mwaka 2003 kazi ya malori na mabasi ilitengwa tena ikawa kampuni ya peke yake, na muda si mrefu sehemu kubwa ya hisa zake ikawa mikononi mwa Daimler ya Ujerumani. Juni 2025 Daimler na Toyota walitia saini mapatano ya kuiunganisha Fuso na Hino, mshindani wake wa miaka mingi.

Ukiwauliza wenye magari haya sababu ya kuyapenda, hawataji historia hiyo hata kidogo. Sifa ya kwanza ni spea: hupatikana, mpya au zilizotumika, na fundi wa kuzifunga hupatikana pia. Gari likikwama Newala siku ya Jumamosi, mtu wa kulifungua yupo. Sifa ya pili ni injini za zamani, hasa zile za silinda sita za aina ya 6D14, 6D16 na 6D17. Hazina mambo ya kompyuta. Zina pampu na nozeli, na fundi mwenye spana na sikio zuri huzielewa. Ndiyo maana wako wenye fedha za kununua lori jipya la Kihindi au la Kichina ambao bado hutafuta Fuso la miaka ya 1990. Malalamiko nayo yapo. Mchanga wa Uwanda wa Makonde ni mwingi. Huingia katika beringi za magurudumu na kuziba kichujio cha hewa, na gari lililojaa likizama humo klachi ndiyo hulipa. Katika mteremko wa kushuka kutoka ukingo wa Newala kuelekea Masasi, breki huchemka na kupoteza nguvu kama dereva amechelewa kuingiza gia ndogo. Na sifa ambayo wengi huitaja mwisho, kwa tabasamu, ni hii: Fuso halikatai mzigo.

Hapo ndipo penye shida. Kwao Japani, hadi mwaka 2007, mtu mwenye leseni ya kawaida aliruhusiwa kuendesha lori lisilofikia tani 8 pamoja na mzigo wake. Kwa hiyo Fighter nyingi zilizouzwa huko ziliundwa zikae chini ya kipimo hicho. Ukiondoa uzito wa gari lenyewe, hubaki kiasi cha tani 4 za mzigo. Tukihesabu gunia la korosho kuwa kilo 80, hayo ni magunia 50. Zipo Fighter kubwa zaidi ya hizo, na kibao cha gari kitaonyesha. Lakini hizi ndogo ndizo nyingi. Gari likifika kwetu, mwenye gari huongeza majani ya springi, huimarisha chasisi kwa vyuma vya kuchomelea, hurefusha bodi, kisha hupakia magunia 120. Hizo ni tani 9 na kilo 600. Springi zimeongezwa, lakini breki ni zile zile, habu ni zile zile, na ekseli ni ile ile.

Wengi hujibu kwamba gari limepita mizani, basi halina kosa. Jibu hili linahitaji kutazamwa kwa makini. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, iliyoanza kutumika nchini Tanzania Machi 2019, inaruhusu gari la ekseli mbili lifike tani 18 kwa jumla. Fuso letu lenye magunia 120 lina tani 14 hivi, laweza kupita. Lakini mizani imewekwa kwa ajili ya kulinda barabara. Haipimi kama gari lenyewe linauweza mzigo huo.

Kuna habari moja ya huko huko Japani ambayo kila mwenye kukodi au kununua lori angefaa kuijua. Mwaka 2000 Mitsubishi Motors ilikiri kwamba kwa zaidi ya miaka 20, tangu 1977, ilikuwa ikificha malalamiko ya wateja wake. Sheria iliitaka kampuni iyapeleke Serikalini. Badala yake baadhi ya karatasi ziliwekwa katika chumba cha kubadilishia nguo cha wafanyakazi. Januari 2002, mjini Yokohama, gurudumu la lori la kampuni hiyo lilichomoka likiwa njiani, likamgonga mama aliyekuwa akitembea na watoto wake wawili. Mama alifariki na watoto wakaumia. Kampuni ilieleza kwamba kosa ni la wenye gari kwa kutolitunza. Miaka miwili ikapita. Na mwezi Machi 2004 Fuso, wakati huo ikiwa kampuni ya peke yake, ilikiri kwamba habu zenyewe ziliundwa dhaifu, ikayaita magari yapatayo 112,000 yarudi kutengenezwa. Wakubwa waliohusika walikamatwa na kushtakiwa. Wateja walipungua, na mwaka 2005 Mitsubishi Motors ikaiachia Daimler hisa zilizosalia kuwa sehemu ya fidia.

Hatuielezi habari hii ili Fuso lionekane gari baya. Magari yaliyoundwa baada ya hapo yamesimamiwa kwa ukali zaidi, na hata ya zamani mengi yamefanya kazi yake vizuri. Kinachotuhusu ni kwamba madereva walikwisha kusema. Taarifa za magurudumu kuchomoka zilikuwapo kabla ya kifo cha Yokohama, zikaandikwa, na zikawekwa mahali ambapo hapana mtu angezisoma. Na kwetu je? Dereva amwambiapo mwenye gari kwamba breki zinashika upande mmoja, neno hilo huandikwa wapi? Chama kinacholikodi gari hilo kesho yake hukilijua? Katika vyama vingi mapatano ya usafirishaji hutaja bei ya kila kilo na huishia hapo. Malipo ya namna hiyo humshawishi mwenye gari kuongeza magunia, na Katibu, ambaye angependa ghala liwe tupu kabla ya mnada, hana sababu ya kumzuia.

Hivyo tunapendekeza mapatano yataje jambo la pili: idadi ya magunia ambayo gari hilo, kwa namba yake ya usajili, halitaizidi. Idadi hiyo ikubaliwe na Kamati baada ya kusoma kibao cha gari, wala isiachwe kwa utingo anayehesabu akiwa juu ya bodi. Ni kweli kwamba safari zitaongezeka na mwenye gari atadai nyongeza; wanachama waelezwe jambo hilo katika mkutano mkuu, ili waamue wakiwa na hesabu mbele yao. Kwa chama kinachofikiria kununua Fuso lililotumika, fundi asiishie kusikiliza injini. Afungue magurudumu atazame habu kama zina ufa, na aulize, kwa namba ya chasisi, kama gari la miaka iliyotajwa hapo juu lilipata kurudishwa kiwandani.

Liko pia jambo dogo la nati, ambalo madereva wageni wa magari haya hulikosea. Katika malori mengi ya Kijapani yaliyoundwa kabla ya mwaka 2010 hivi, nati za magurudumu ya upande wa kushoto hukazwa kwa kuzungushwa kinyume cha zile za kulia. Na kwenye magurudumu mawili ya nyuma nati ni mbili kwa kila stadi: ya ndani hushika gurudumu la ndani, ya nje hushika la nje. Anayekaza ya nje tu hajakaza gurudumu la ndani. Sharti alegeze ya nje, akaze ya ndani, ndipo arudishe ya nje. Na baada ya kubadilisha tairi, azikaze tena zote akiisha kwenda kilomita 50 hadi 100. Kutoka Newala hadi Masasi, umbali huo watosha kusimama mara moja.