Erika ya Ngezi: Jamaa wa Mimea ya Milimani Anayeota Pwani

Mlandege, Unguja. Msitu wa Ngezi, Mkoa wa Kaskazini Pemba, unahifadhi kichaka chenye majani membamba na maua madogo kiitwacho kitaalamu Erica mafiensis, jina litokanalo na Kisiwa cha Mafia ambako huota pia.

Jamaa zake wengi nchini hustawi milimani, ikiwemo Kilimanjaro. Kichaka hiki huota karibu na usawa wa bahari, kwenye mchanga usio na rutuba. Mimea ya jamii hiyo huvumilia udongo wa aina hiyo kwa msaada wa kuvu wanaoishi mizizini na kuipatia virutubisho.

Kwa kuwa maeneo kinakoota ni machache, moto mmoja unaweza kuleta hasara kubwa. Wananchi wanaotembelea Ngezi, wakiwemo wanaotoka Unguja, wanakumbushwa kutowasha moto wala kukata mimea.