Kanisa la wahamiaji lililolea mayatima

HEBU fikiri, msomaji, kwamba umeuza ng'ombe na kishamba chako, ukapanda meli na jamii yako na kuvuka bahari hadi nchi usiyojua lugha yake. Mtoto akiugua, utamwambia nani? Na akiaga dunia, ni nani atakayemzika kwa maneno ambayo mamake anayaelewa?

Maswali hayo yaliwakabili maelfu ya Waswidi waliohamia Marekani katikati ya karne ya 19 wakitafuta ardhi na riziki. Mwaka wa 1849 kasisi mmoja, Lars Paul Esbjörn, aliamua kufuatana nao. Alifika Andover katika jimbo la Illinois, mahali ambapo hapakuwa na kanisa wala mshahara uliomngojea.

Kasisi Esbjörn alifunga safari hadi miji ya mashariki kuomba michango. Bahati ikamwangukia. Jenny Lind, mwimbaji mashuhuri wa Uswidi aliyekuwa akizuru Marekani wakati huo, alimpa dola 1,500, fedha nyingi sana siku hizo. Ujenzi ukaanza.

Kabla kazi haijakamilika, kipindupindu kikabisha hodi. Wahamiaji waliofika wakiwa wamedhoofishwa na safari walikufa mmoja baada ya mwingine. Chumba cha chini cha kanisa kikawa mahali pa kuwalaza wagonjwa, nazo mbao zilizokusudiwa kujengea mnara zikatumiwa kutengenezea majeneza. Kanisa hilo dogo lingali limesimama hadi leo kama kumbukumbu.

Je, ungekuwa wewe ungelalamika kwamba mnara umepotea? Wahamiaji hao walijua kwamba binadamu hutangulia, jengo hufuata.

Chama chao wenyewe

Juni 1860, wajumbe wa sharika 36 za Waswidi na 13 za Wanorwe walikutana Jefferson Prairie, jimbo la Wisconsin, wakaunda Sinodi ya Augustana. Jina hilo linatokana na Ungamo la Augsburg la mwaka wa 1530, ambalo ni msingi wa imani ya Walutheri. Kiongozi wao wa kwanza alikuwa Kasisi T. N. Hasselquist. Mwaka huo huo walifungua chuo mjini Chicago, Esbjörn akiwa mkuu wake, ili wawafunze makasisi wao badala ya kungojea wengine kutoka ng'ambo. Wanorwe walijitenga mwaka wa 1870 na kuanzisha chama chao.

Waliokufa waliacha watoto. Mwaka wa 1865, Kasisi Eric Norelius alianzisha makao ya mayatima huko Vasa, Minnesota. Akina mama nao hawakukaa kitako. Mwaka wa 1892 waliunda chama chao cha misheni chini ya Emmy Evald, ambaye alikiongoza kwa zaidi ya miaka 40. Michango yao ilijenga shule na hospitali katika nchi za mbali.

Mzazi mwenzangu unayeishi mjini, lipo jambo moja ambalo litakugusa. Watoto waliozaliwa Marekani walianza kuzungumza Kiingereza, na wazee wakaogopa kwamba Kiswidi kikitoka kanisani, imani nayo itatoka. Mabishano yalikuwa makali katika nyumba nyingi. Hata hivyo, kufikia miaka ya 1930 Kiingereza kilikuwa kimetawala ibada. Lugha ya nyanya ilinyamaza, lakini wajukuu walibaki kanisani.

Wafika Tanganyika

Sasa tugeukie jirani zetu wa kusini. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwaondoa wamishonari Wajerumani katika Tanganyika. Walimu na wainjilisti Waafrika ndio waliobaki wakishikilia makanisa. Katika miaka ya 1920 sinodi ya Augustana ilituma watu kusaidia kazi ya misheni ya Leipzig huko Kilimanjaro. Wajerumani waliporuhusiwa kurejea, Wamarekani hao hawakurudi kwao. Walikwenda Iramba, katika eneo la Singida, ambako walianza kazi mwaka wa 1926. Shule na zahanati zikafuata, na baadaye hospitali ya Kiomboi.

Mwaka wa 1939 vita vilizuka tena. Wamishonari Wajerumani walikamatwa, na vituo vyao vikapewa jina la kusikitisha: misheni yatima. Ni nani aliyeombwa kuvilea? Ni Augustana, chini ya George N. Anderson, aliyekuwa akifanya kazi Iramba. Wajukuu wa watu waliozikwa katika mbao za mnara walijikuta wakilea mayatima wa wengine.

Hata hivyo, mlezi mwema hujua wakati wa kumwachia mtoto atembee. Mwaka wa 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa kanisa moja chini ya uongozi wa Mwafrika, Askofu Stefano Moshi. Leo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania ni miongoni mwa makanisa makubwa zaidi ya Kilutheri duniani.

Na Augustana yenyewe je? Mwaka wa 1962 ilikubali kuacha jina lake na kuungana na Walutheri wenye asili ya Ujerumani, Ufini na Denmark. Kanisa hilo jipya nalo likaingia katika muungano mkubwa zaidi mwaka wa 1988.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo Jumapili, ukitoka ibadani, tazama nyuma yako. Huenda yupo mgeni aliyehamia mtaani mwenu juzi, ambaye hajui mtu wala njia. Mkaribishe nyumbani kwa chai. Huwezi kujua wajukuu wake watawalea mayatima wa nani.