SHERIA HUANZIA BUNGENI, HUISHIA SUFURIANI

Wengi wetu tukisikia neno sheria tunafikiria polisi, korti na jela. Kumbe sheria ndiyo inayoamua mkulima atapanda mbegu gani, atauza mahindi wapi, na sisi tutanunua gorogoro ya mahindi kwa bei gani. Hebu tutazame mifano ya hapa kwetu Kenya.

Tuanze na Katiba ya 2010. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kutokaa njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaofaa. Lakini jameni, karatasi haipikwi ikaliwa! Lazima pawe na sheria nyingine za kuiteremsha haki hiyo hadi shambani. Aidha, Katiba iligawa kazi: sera ya kilimo ni ya serikali ya kitaifa, ukuzaji wa mimea na ufugaji ni wa kaunti.

Mfano wa kwanza ni mahindi. Mwaka wa 1942, wakati wa ukoloni, serikali ilianza kudhibiti biashara ya zao hili. Hata baada ya uhuru udhibiti uliendelea. Kusafirisha magunia mengi kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali, na Bodi ya Nafaka na Mazao ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkuu. Vizuizi hivyo viliondolewa mwishoni mwa 1993. Tangu hapo mfanyabiashara anaweza kutoa mahindi Kitale akayauze Machakos bila kuomba ruhusa ya kuyasafirisha. Mnunuzi wa mjini alipata nafuu, lakini mkulima asiye na ghala aliachwa mikononi mwa dalali anayekuja na pikapu wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Sheria ni ile ile, mmoja anacheka, mwingine analia.

Mfano wa pili ndio unaonigusa zaidi, nao ni mbegu. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, ilitungwa mwaka wa 1972. Nia yake haikuwa mbaya. Mbegu bandia ni wizi, kwani mkulima hugundua amedanganywa mvua ikiwa imeshapita. Ndiyo sababu pakiti ya mbegu hubandikwa kibandiko cha KEPHIS. Unakikwaruza, unatuma namba zake kwa 1393, unajua kama mbegu ni halali.

Taabu ilikuja na marekebisho ya 2012. Kuuza au hata kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kukawa kosa, na adhabu ingeweza kufika faini ya shilingi milioni 1 au kifungo cha miaka 2. Sasa mfikirie nyanya yangu. Yeye huhifadhi maharagwe ya mbegu kwenye majivu, na mvua ikikaribia humgawia jirani bakuli moja, naye jirani humpa mtama. Hana kampuni wala pakiti. Je, huyo ni mhalifu? Na ajabu ni kwamba Kifungu cha 11 cha Katiba kinaliagiza Bunge kulinda mbegu za kiasili!

Mwaka wa 2022 wakulima wadogo 15 walikwenda Mahakama Kuu kupinga sheria hiyo. Mnamo Novemba 2025 mahakama iliamua kwamba vipengele vilivyowazuia wakulima kuhifadhi na kubadilishana mbegu zao vilikuwa kinyume cha Katiba. Naam, haba na haba hujaza kibaba.

Tunajifunza nini? Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mswada wa kilimo ukiandikwa, kampuni za mbegu, wasagaji na wafanyabiashara hupeleka maoni yao. Mkulima mdogo asipopeleka yake, sheria itatungwa bila yeye. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge kuwashirikisha wananchi, na tangazo likitokea gazetini, wazazi wengi hawalisomi kwa sababu limeandikwa Kiingereza kigumu.

Hapo ndipo sisi tunaingia. Chama chetu cha Kiswahili kinaweza kuchukua mswada mmoja, kikaueleza kwa lugha nyepesi, na kila mmoja wetu akampelekea mzazi wake jioni. Sisi wa shule ya kutwa hulala nyumbani kila siku. Tusirudi na madaftari tu, turudi na habari pia.

Mwanafunzi, Kidato cha 3