Kijana, usijiangushe!

Kijana mpenzi, wengi wakishika mpira wa basketi hawatoi pasi: kila mtu anatafuta sifa yake. Mwingine akiguswa kidogo tu, anajiangusha ili adanganye mwamuzi. Kumbe, katika NBA, ligi ya Marekani, tangu 2023 uongo huo unapatia ekipe ingine nafasi 1 ya kutupa kikapuni bila kuzuiwa. Wenzako ndio wanalipa!

Tazama Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, aliyefariki 2024. Hakuwa mfungaji mkubwa. Alizuia mipira 3.289 ili ekipe yake isifungwe, na mara 4 alichaguliwa mlinzi bora.

Baba zenu kwenye machimbo wanajua: mtu mmoja peke yake hapandishi mzigo toka shimoni. Basi, vijana wa Kalengera, leo nani atatoa pasi ya kwanza?