Wiki ya Mradi Huria: Bei Yake ni Mtu wa Kuiangalia

Mradi wa programu huria ukianza kupata watumiaji, hoja ya tovuti huzuka: tuweke wiki, ili yeyote asahihishe mwongozo, au kurasa za kawaida? Wengi huanza kuuliza bei ya seva, na hapo ndipo pepesi. Seva ndogo ya kukodi ni kama dola 5 kwa mwezi, na programu nyingi za wiki ni za bure. Kinachogharimu ni saa za mtu wa kuiangalia.

MediaWiki, inayoendesha Wikipedia, ina uwezo mkubwa, na ArchWiki, mwongozo mashuhuri wa Arch Linux, imejengwa juu yake. Lakini inataka hifadhidata, masasisho ya mara kwa mara, na mtu wa kufukuza roboti zinazofungua akaunti ili kubandika viungo vya kamari. Mradi wa watu watatu wanaojitolea hauiwezi. Bora DokuWiki, iliyoanza mwaka 2004: kila ukurasa ni faili ya maandishi, hakuna hifadhidata, na kuhama seva ni kunakili folda.

Uangalizi si jambo la kupuuza. Desemba 2012 mshambulizi alipenya wiki ya Python kupitia kasoro ya programu ya MoinMoin, akafuta data za wiki hiyo na ya Jython. Ikiwa jamii yenye mafundi wengi kiasi hicho ilipigwa, mradi mchanga uweke nakala ya akiba nje ya seva yake tangu siku ya kwanza.

Wiki ya GitHub ni bure kwa miradi ya wazi, na seva si juu yako. Ila GitHub haiziruhusu injini za utafutaji kuorodhesha wiki ya mradi wenye nyota chini ya 500, wala ile iliyoachwa wazi kuhaririwa na umma. Anayetafuta Google ujumbe wa hitilafu hatafika kwako. Kwangu hilo linatosha kuikataa.

OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa wenye mizizi Eldoret, ulichagua Confluence, programu ya wiki ya kampuni ya Atlassian, ambayo huitoa bure kwa miradi huria inayokidhi masharti yake. Hata hivyo Februari 2024 kampuni hiyo ilikoma kuhudumia toleo la Server, lile la kuendeshwa kwenye seva yako mwenyewe, na waliolitegemea wakalazimika kuhama.

Zipo pia kurasa tuli: unaziandaa kwa programu kama MkDocs au Hugo, unaziweka GitHub Pages bila malipo, mradi tovuti isizidi GB 1. Hakuna nenosiri la msomaji la kuibwa. Ila muuguzi anayetumia mfumo kama OpenMRS, akiona kosa katika mwongozo, hatajifunza Git, zana ya mafundi ya kutunza mabadiliko ya faili, ili alirekebishe, na masahihisho ya watu kama yeye ndiyo yenye thamani kuliko yote.

Kwa hiyo ukurasa wa mbele, upakuaji na matangazo ya usalama viwe kurasa tuli. Mwongozo uwe DokuWiki, akaunti mpya zikiidhinishwa na mtu anayejulikana kwa jina. Akikosekana mtu huyo, wiki isubiri. Jina la tovuti, la dola 10 hadi 15 kwa mwaka, lilipiwe mapema na lisajiliwe kwa namna ambayo zaidi ya mtu mmoja anaweza kulihuisha.