Kichwa Kinachouma Ukisimama

Agosti 1898, mjini Kiel, Ujerumani, daktari wa upasuaji August Bier alimwambia msaidizi wake, August Hildebrandt, amchome sindano ya mgongo. Alitaka kuijaribu ganzi ya kokeini kwenye mwili wake mwenyewe. Bomba halikuoana na sindano, maji mengi ya uti wa mgongo yakamwagika. Wakabadilishana zamu, na safari hii ganzi ikashika barabara: Hildebrandt aligongwa nyundo kwenye muundi asisikie maumivu.

Usiku wakasherehekea kwa mvinyo na sigara. Kilichofuata kwa Bier hakikuwa uchovu wa mvinyo: kwa siku tisa, kila akiinuka kichwa kilimuuma, akilala kikatulia.

Ubongo huelea ndani ya maji hayo ya uti wa mgongo. Mtu mzima ana takriban mililita 150, na mwili hutengeneza kama nusu lita kila siku. Utando unaoyazuia ukitoboka, yanavuja na presha ndani ya fuvu inaweza kushuka. Mgonjwa akisimama, ubongo hukosa egemeo, hushuka kidogo na kuvuta tando na mishipa inayosikia maumivu. Wengine hukakamaa shingo, hutapika au masikio huwavuma.

Tundu hilo huweza kuachwa na sindano ya ganzi, ile wanayochomwa akina mama wengi wanaojifungua kwa upasuaji. Huweza pia kutokana na upasuaji wa mgongo: kocha wa mpira wa kikapu wa Marekani, Steve Kerr, alivuja hivyo mwaka 2015, akakosa mechi 43 za mwanzo wa msimu. Wapo pia ambao hawajaguswa na sindano wala kisu. Ncha ya mfupa imewachana utando, au maji yanapenya moja kwa moja kwenye mshipa wa damu. Hao mara nyingi hutibiwa kipandauso kwanza.

Wengi wanaoumwa kichwa baada ya sindano hupona kwa kupumzika, kunywa maji na kahawa. Maumivu yasipopoa, daktari huchota damu mkononi mwa mgonjwa na kuidunga mgongoni, nje ya utando, igande na kuziba. Mbinu hiyo ilianzishwa na James Gormley mwaka 1960, baada ya kuona kwamba waliotokwa damu wakichomwa sindano hawakuumwa sana kichwa.

Mzazi anayeumwa kichwa baada ya ganzi ya mgongo arudi hospitali apimwe presha ya damu pia, kwani kifafa cha mimba huweza kuanza hata baada ya kujifungua.