Je, Wajua? Chuo cha Harambee na Jotoardhi

Safari ya kutoka Majengo, Nyeri, hadi Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi si ndefu. Kilianza mwaka 1972 kama taasisi ya harambee, kikapata hati ya chuo kikuu Desemba 2012, na leo kina taasisi ya mafunzo na utafiti wa jotoardhi, nishati inayoipa Kenya zaidi ya thuluthi ya umeme wake. Wapo wanaonung'unika kwamba masomo kama haya yanageuza chuo kikuu kuwa karakana. Hoja ina uzito, ila haisimami: hakuna achimbaye kisima cha mvuke katika eneo la jotoardhi la Olkaria bila jiolojia na hisabati (tena hisabati ngumu kwelikweli). Haja ya umeme, basi, imeongeza nadharia darasani badala ya kuipunguza.